Mpaka Bolti Ikubali

Garaji ya Abdiladif, Kambu
Alhamisi, 15 Mei 2025

Mutanu mwanangu,

Sisi tuko. Mama yako alinipigia jana kutoka Ikutha, anasema mvua imekatika kabla ndengu hazijashika vizuri, na mbuzi mmoja amezaa pacha. Hayo mengine ni yale yale.

Barua hii inaletwa na Dirie, baba yake Ilhan ambaye mnakaa naye dawati moja. Siku hizi kila Ijumaa lori lake linashusha mbuzi kwa wachinjaji wa Matiliku. Amekubali kuacha barua yangu kwa askari wa lango la shule na kuchukua yako. Nilisikia simu yenu ya wanafunzi imeharibika tangu mfungue. Hata ilipokuwa nzima ulikuwa unapanga foleni saa nzima halafu unasema "ndiyo" na "sawa". Kwa barua unasema zaidi.

Nina swali. Wewe ndiye mtu wa vitabu nyumbani kwetu, na mimi sioni aibu kukuuliza. Hapa garaji kuna mzee anaitwa Kiema. Anatengeneza springi za magari makubwa kama mimi. Springi inafungwa kwenye ekseli kwa yubolti, zile bolti nene zilizopindwa kama herufi U, mbili kila upande wa gari, na kila moja ina nati mbili. Zikilegea, springi inatembea, ekseli inakaa upande, na gari linaenda linakotaka. Kwa hiyo lazima zikazwe sana.

Sasa mkono wa kulia wa Kiema umechoka. Bega haliinuki. Akivuta spana anafika mahali anashindwa. Haombi msaada, kwa sababu hapa ukisema mkono unauma, kesho unapewa ufagio. Je, kwenye Fizikia yenu kuna njia ya mtu mwenye nguvu kidogo kukaza bolti kubwa?

Soma vizuri. Kula.

Baba yako,
Nzioka


Shuleni, Matiliku
Jumanne, 20 Mei 2025

Baba mpendwa,

Nilisoma swali lako mara tatu, kisha nikaenda nalo maktaba. Sikutaka kumwuliza mwalimu mbele ya darasa. Jibu liko kwenye kitabu cha Kidato cha Pili, na nimeona vibaya kwamba sikulikumbuka mwenyewe.

Nguvu ya kugeuza kitu haitoki mkononi peke yake. Ni nguvu ya mkono mara urefu wa mpini. Mwambie Mzee Kiema asukume mlango wowote karibu na bawaba, halafu ausukume upande wa kitasa. Mlango ni ule ule na mkono ni ule ule, lakini kule kwa kitasa unafunguka kwa kidole. Kwa hiyo akitia bomba la chuma kwenye mpini wa spana, na bomba likawa refu mara tatu ya mpini, atahitaji theluthi moja tu ya nguvu. Anaweza hata kuegemea kwa uzito wa mwili bila kuliinua bega.

Ilhan amesoma hapa juu ya bega langu na anasema, "Wewe unamwandikia baba yako au unafanya mtihani?" Lakini mimi nimefurahi, Baba. Ni mara ya kwanza kitu kutoka kwenye daftari langu kinakwenda kufanya kazi mahali.

Msalimie Mzee Kiema. Mwambie pole kwa bega.

Mwanao,
Mutanu


Kambu
Alhamisi, 29 Mei 2025

Mutanu,

Bomba limefanya kazi. Tulikata kipande cha bomba la kisima lililokuwa limelala nyuma ya garaji. Kiema anaegemea tu kama mtu anayepumzika, na nati inaenda. Watu wanamwangalia, wanasema mzee amerudi ujana.

Unajua sisi hapa tuna neno letu. Unakaza, unakaza, bolti inakataa. Ukiendelea inafika mahali inalainika kidogo mkononi, kama imeacha kubishana. Hapo tunasema imekubali. Zamani ilikuwa inachukua wanaume wawili kuifikisha bolti hapo. Sasa Kiema anaifikisha peke yake, kila nati, na hakuna bolti inayomshinda.

Jambo lingine. Juzi Jumanne basi la shule yenu lilivunjika springi ya nyuma kushoto hapa juu karibu na daraja, likiwa linatoka na Kidato cha Nne ziara yao ya pwani. Nyamai, dereva wenu, alilivuta mpaka kwetu polepole kama mtu anayebeba mayai. Tulibadilisha jani lililovunjika, kimoja cha vile vipande vya chuma vinavyopangwa kuwa springi, na tukafunga yubolti mpya. Nilisema kwa moyo wangu, hili ndilo basi linalombeba mtoto wangu, halitatoka hapa na nati legevu. Kila moja ilikubali.

Kwa kawaida gari likifungwa springi linafaa kurudi likishatembea siku chache na mzigo, tukaze tena, kwa sababu springi mpya hujilaza na nati zikalegea. Nyamai alilalamika kwamba Kambu ni mbali. Nikamwambia, "Hizi zimekazwa, usijisumbue kurudi." Alifurahi sana.

Mama yako anauliza kama sweta inatosha.

Nzioka


Shuleni, Matiliku
Jumatano, 4 Juni 2025

Baba mpendwa,

Sweta inatosha. Mwambie Mama asiuze mbuzi yeyote kwa ajili ya nguo.

Leo tulikuwa maabara na nimetoka nikiwa na wasiwasi. Huenda ni ujinga tu. Mwalimu alitundika waya mwembamba kwenye dari na sisi tukawa tunaning'iniza mawe ya mizani chini yake, moja baada ya lingine, tukipima waya umerefuka kiasi gani. Mwanzoni kila jiwe linaurefusha kiasi kile kile, na ukiliondoa waya unarudi. Bolti pia hufanya hivyo, mwalimu alisema. Ukiikaza inarefuka kidogo sana, jicho halioni, na kwa sababu inataka kurudi ndiyo maana inabana. Kubana ni kule kutaka kurudi.

Halafu tukaongeza jiwe la sita. Waya ukalegea, Baba. Ukarefuka wenyewe bila kushindana. Nilikuwa nimeushika kwa vidole viwili na nilisikia kabisa ulivyolainika. Tulipoondoa mawe haukurudi tena. Jiwe la saba likaukata, na Ilhan akapiga kelele darasa zima likacheka.

Niliposikia ule ulaini vidoleni nilikumbuka neno lenu. Bolti inayokubali, je, si imefika kwenye jiwe la sita?

Naomba uniambie mambo mawili. Bomba lina urefu gani? Na boksi la yubolti mpya lina karatasi inayosema zikazwe kwa kiasi gani? Lazima kuna namba, na mbele yake kumeandikwa Nm, kipimo cha nguvu ya kugeuza.

Nauliza haraka kwa sababu kwaya itakwenda tamasha la Kitui mjini Ijumaa tarehe 20, kwa basi lile. Watakuwa wasichana arobaini na sita. Ilhan ataghani shairi. Mimi sikuchaguliwa, sauti yangu haifiki nyuma ya ukumbi.

Mwanao,
Mutanu


Kambu
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mutanu,

Bomba ni mita mbili kuanzia kwenye nati. Karatasi ya boksi inasema 450 Nm. Umepata.

Sasa nisikilize. Nimefunga springi miaka ishirini na sita. Nilifunga kabla hujazaliwa, nikafunga ukiwa tumboni, na hakuna gari hata moja lililorudi na ekseli upande. Hizo karatasi zinaandikwa na watu wasiojua barabara zetu. Waya wa maabara ni waya. Yubolti ni nene kama kidole gumba changu.

Na kuna kitu kingine, afadhali nikiseme kwa sababu umeanza kumtumia salamu. Hakuna Kiema. Ni bega langu. Lilianza Januari. Daktari wa zahanati aliniambia nipumzike miezi mitatu, na mimi nikamshukuru nikaenda kazini. Mama yako hajui. Abdiladif hajui. Usimwambie Ilhan, kwa sababu Ilhan atamwambia Dirie, na Dirie mdomo wake hauna breki.

Mtu wa springi asiye na mkono si mtu wa springi. Sijui kazi nyingine. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hausaidii, Mutanu. Lile bomba lilinipa karibu wiki tatu za kuwa mimi tena. Usiniondolee kwa waya.

Baba yako


Langoni, Matiliku
Ijumaa, 13 Juni 2025

Baba,

Dirie ananingoja injini ikinguruma, nimesoma barua yako nimesimama. Naandika juu ya goti.

Pole kwa bega. Pole sana. Nitaandika kuhusu hilo vizuri siku nyingine, sasa hivi naandika hesabu tu.

Wewe una kilo kama sitini na tano. Hiyo ni nguvu ya nyutoni mia sita na hamsini. Ukiegemea mwisho wa bomba la mita mbili kwa uzito wote, ni 1,300. Karatasi inasema 450. Hata ukiegemea kwa nusu tu ya uzito wako umeshapita. Na wewe ulisema uliendelea mpaka kila moja ikalainika.

Wazo la bomba ni langu. Nilikuambia namna ya kuongeza nguvu na sikukuambia iishie wapi, kwa sababu sikujua kwamba kuna mahali pa kuishia. Kosa ni langu nusu.

Tamasha ni Ijumaa ijayo. Tafadhali mpigie simu Madam Kalondu, naibu wa mwalimu mkuu, namba iko kwenye karatasi ya karo. Mwambie tu basi lisitoke kabla yubolti hazijabadilishwa. Au uje. Fanya hivyo kabla ya Jumatano. Ukisema wewe mwenyewe itakuwa ni fundi anayejali kazi yake. Ikisemwa na mtu mwingine itakuwa kitu kingine.

Dirie anapiga honi.

Mutanu


Kambu
Jumatano, 18 Juni 2025

Mutanu,

Nilipiga. Jumatatu saa nne, na tena jana. Mara ya kwanza mwanamke akasema "Halo, shule" nikakata. Mara ya pili akasema "Halo, ni nani?" Nikakata tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya matangi ya maji ili wenzangu wasisikie.

Nimefikiria nitasema nini. Kwamba mimi Nzioka niliyewafungia basi, niliwafungia vibaya? Kwamba mkono ni mbovu tangu Januari na nilinyamaza? Jioni hiyo hiyo Abdiladif angejua.

Nakuomba kitu. Usimwambie mtu. Abdiladif amekwenda Garissa kwenye msiba wa shangazi yake, atarudi Jumapili. Jumatatu nitamwomba ruhusa nije Matiliku na yubolti mpya, nizibadilishe kimya kimya, niseme ni ukaguzi wa kawaida. Kutoka kwenu mpaka Kitui na kurudi ni safari moja. Limetembea wiki tatu halijasema kitu. Safari moja haitalivunja.

Niamini siku nne tu.

Baba yako


Shuleni, Matiliku
Alhamisi, 19 Juni 2025

Baba,

Sijapata neno kutoka kwako, na kesho saa kumi na mbili asubuhi kwaya inaondoka. Najua barua yako, kama ipo, iko kwenye lori la Dirie na itafika wao wakiwa wameshapita mji wa Wote. Kwa hiyo sikungoja.

Nitakuambia yote kwa mpangilio, maana utayasikia kwa watu na watu wataongeza.

Mapumziko ya saa nne nilikwenda kwenye basi. Nilijilaza chini karibu na gurudumu la nyuma kushoto. Nilidhani nitaona bolti iliyovunjika na kila mtu ataniamini. Hakuna kilichovunjika. Niliona nati nne zimepakwa rangi nyeupe, nikajua ni mkono wako uliozipaka. Kwenye nati moja kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu kama kutu unaoteremka, na lile bamba lililo chini ya springi lilikuwa linang'aa pembeni, kama linasuguana na kitu. Basi.

Nyamai alinikuta miguu yangu ikiwa nje.

"Wee! Toka huko! Umepoteza nini?"

Nikamwambia yubolti zimekazwa kupita kiasi na zinahitaji kubadilishwa.

"Zimekazwa kupita kiasi," akasema. "Nimeendesha gari miaka kumi na tisa nikisikia watu wakilia kwamba nati zimelegea. Leo nimeletewa anayelia kwamba zimekaza. Umekuwa trafiki siku hizi?"

"Hapana, Bwana Nyamai."

"Fundi wa Kambu aliniambia hizi hazina haja hata ya kurudi. Unamjua fundi huyo kuliko mimi?"

Hapo nilijipangusa vumbi, Baba. Hajui kwamba wewe ni baba yangu. Ningeweza kuondoka, na nusu ya mwili wangu ilikuwa imeshageuka. Nikarudi darasani nikaandika kila kitu kwenye karatasi, hesabu na picha ya waya, kwa mwandiko mzuri. Chakula cha mchana nikaenda nayo kwa Madam Kalondu. Nilimpa kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Mimi sisomi barua ya mtu aliyesimama mbele yangu," akasema. "Una mdomo. Sema."

Nikasema. Sijui nilisema kwa muda gani. Nilipofika kwenye namba akanikatiza akauliza, "Na wewe haya ya bomba umeyajuaje?"

Ningeweza kusema nimesoma kitabuni. Lakini angemwita Nyamai, na Nyamai angesema fundi alikaza vizuri, na neno la fundi lingeshinda la msichana wa Kidato cha Tatu. Kitu pekee kilichoweza kulishinda neno la fundi ni neno la fundi mwenyewe. Kwa hiyo nikasema: fundi huyo ni baba yangu, aliniandikia kwamba bega lake ni gonjwa, alitumia bomba la mita mbili, na bomba nilimshauri mimi.

Nimelitaja jina lako. Nimelitaja bega. Nilikuwa nimeombwa nisiyataje na nimeyataja.

Alinivutia kiti. Kisha akasema, "Keti, utaanguka." Akampigia fundi wa Emali aje kesho alfajiri kabla basi halijawashwa.

Sijala tangu saa saba, sioni njaa. Kama fundi atasema bolti ni nzima, nitakuwa nimekuharibia jina bure. Nimejikuta nikiomba ziwe mbovu. Halafu nikaona ni dua ya namna gani hiyo, nikaiacha.

Mutanu


Shuleni, Matiliku
Jumapili, 22 Juni 2025

Baba,

Barua yako ya Jumatano niliipokea Ijumaa saa nne, langoni. Wakati huo basi lilikuwa limepandishwa jeki tangu saa kumi na mbili na nusu. Nimeisoma. Sitaki kuandika ninavyofikiri kuhusu siku nne ulizoniomba. Ilhan angekuwa kiti cha tatu upande wa kushoto, orodha ilibandikwa mlangoni mwa bwalo.

Fundi wa Emali ni kijana mnene asiyesema sana. Alianza kufungua nati. Ya kwanza ilishuka vizuri. Ya pili ilifika nusu ikakwama, akavuta, ikakataa kushuka wala kupanda. Alisema meno ya bolti yamevutika kama uzi wa sweta, kwa hiyo nati haiyatambui tena. Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne aliikata kwa msumeno, akaitoa bolti yake na kuishika mbele ya Madam, na hata mimi niliyesimama mbali karibu na mabomba ya kunawia niliona ilikuwa imekonda mahali pamoja, kama shingo.

Madam akamwuliza, "Ingekatika leo?"

Akasema, "Labda leo. Labda wakirudi. Labda Agosti. Mimi singempandisha mama yangu."

Hakuwa na yubolti za kipimo hicho, na basi la kukodi halikupatikana asubuhi ile. Kwaya haikwenda. Walikuwa wamesimama kwenye mstari na sketi zao za tamasha zimepigwa pasi, wengine wamefanya mazoezi tangu Februari. Sasa nikipita wananiita Makanika. "Makanika, kaza viatu!" "Makanika, angalia hiki kiti kisije kikavunjika tukakosa chakula!" Ndila wa Kidato cha Nne, ambaye huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho, hakunitania. Alilia tu, na hilo ndilo gumu zaidi.

Ilhan hakuniongelesha siku mbili. Leo baada ya ibada alikuja akaketi upande wake wa dawati, akasema, "Shairi langu lilikuwa zuri, wewe."

Nikasema najua.

"Ulijua toka lini hizo bolti?"

Nikasema wiki mbili, kidogo kidogo.

"Na ulikuwa unanisikiliza nikifanya mazoezi jioni zote hizo?" Baadaye akanisomea lote, mimi peke yangu, beti kumi na mbili.

Nimechoka, Baba. Sijui kama bado unataka barua zangu.

Mutanu


Kambu
Alhamisi, 26 Juni 2025

Mutanu,

Kama umeandika tangu Ijumaa, bado sijaipata, itashuka na Dirie kesho. Ile ya tarehe 19 niliisoma Jumamosi nimeketi kwenye gurudumu la akiba. Nikaisoma tena. Jumapili Abdiladif aliporudi nilimwendea kabla hajavua viatu vya safari.

Nilimwambia yote. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema, "Nzioka, ungesema mkono unauma, ningejua ni mkono. Sasa watu watasema ni garaji." Kisha akafungua kabati akatoa spana ya kipimo, ile inayolia tak nguvu ikifika. Ilikuwa bado na plastiki mpini wake. Miaka minne tulikuwa nayo tukiona ni kitu cha watu wasiojua kazi.

Jumanne tulikuja shuleni kwenu, mimi na Nzuki, mwenzangu wa hapa mwenye mabega mazima. Nilipofika nilimwambia Madam Kalondu, na Nyamai akiwepo, "Ni mimi niliyezifunga, na mtoto alisema kweli." Nyamai aliangalia chini. Madam akataka kukuita. Nikasema akuache darasani. Nilisema una masomo. Si kweli. Sikujua nitauweka wapi uso.

Nzuki alivuta, mimi nikasimamia. Tulisafisha meno kwa brashi, tukafunga yubolti mpya zote nne za nyuma, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki. Tulikaza kwa msalaba, hii kidogo, ile ya upande wa pili kidogo, tukirudi mpaka spana ikalia. Ilipolia Nzuki akataka kuongeza, mkono umezoea. Nikamshika. Nilikuwa nikisikia vibaya kumzuia, Mutanu, ilionekana kama tumeacha kazi katikati. Hiyo ndiyo 450. Ni kidogo kuliko nilivyodhani maisha yangu yote.

Tangu tukate lile bomba nimefunga magari kumi na moja. Nimeketi na daftari la garaji siku tatu nikipiga simu. Tisa nimeyapata, yanarudi moja moja na madereva wananitukana hata kabla ya kuzima injini. Mawili sijayapata. Moja lilikuwa linaelekea Busia, simu ya dereva haiingii. Napiga asubuhi, napiga mchana. La Dirie lilikuwa mojawapo ya yale tisa. Alipojua alinitazama akasema, "Kumbe, fundi, barua zako nazibeba juu ya bolti zako?" Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Amefungiwa mpya jana.

Sifungi springi tena. Abdiladif ameniweka kupokea magari yanayorudi kukazwa mara ya pili na kuangalia kwamba spana imelia. Hajanipa ufagio. Wengine hapa wanaona ni ule ule. Mama yako nimemwambia, na Jumatatu ananipeleka hospitali ya Kibwezi mwenyewe, hataki kusikia habari ya zahanati.

Kuhusu siku nne nilizokuomba. Nilijua tarehe. Sikusahau, usije ukanitafutia sababu hiyo kwa wema wako. Nilijua ni Ijumaa na nikaandika hivyo hivyo. Ile barua usiichome, na wala usinirudishie. Na ile nusu ya kosa uliyojichukulia, nirudishie hiyo. Mtu akipewa shoka si lazima akate paa lake.

Sasa jambo la kazi. Springi ile bado itajilaza. Basi likishatembea wiki moja na wanafunzi ndani, Nyamai alilete hapa zikazwe tena kwa kipimo. Nimemwambia mbele ya Madam, akasema ndiyo, lakini namjua dereva na umbali. Wiki hiyo itakuwa imeisha ifikapo Jumatano, tarehe 2 Julai. Akiwa hajaondoka siku hiyo, usiniandikie. Barua inangoja Ijumaa. Inuka uende kwa Madam umwambie kwa mdomo, na akiuliza umejuaje, mwambie umeambiwa na baba yako.

Nzioka